Unywele Chini ya Ukurasa

Annika alikubaliwa na vyuo viwili vya udaktari, na tangu siku hiyo nyumba yao haikupata amani. Wenzake walikuwa wakilia kwa kukosa. Yeye aliumwa kichwa kwa kupata. Kimoja kilikuwa Thornbury, hapo hapo Missouri, mwendo wa saa moja kwa gari kutoka mji wao wa Bellamy usipokwama nyuma ya trekta. Cha pili kilikuwa Vista Seca, kule Arizona, chuo kipya kilichojengwa jangwani juzijuzi, kuta zake bado zinanuka rangi. Vyote viwili vilikuwa vya osteopathia. Watokao huko ni madaktari kamili, wanaandika dawa na kupasua watu kama madaktari wengine, ila wao hufundishwa pia kuuguza kwa mikono: kumpapasa mgonjwa mgongo, kutafuta palipokaza, na kupalegeza. Vyuo vyote viwili vilitaka jibu kabla ya Jumatatu jioni, pamoja na malipo ya kushika nafasi ambayo ukishayatoa hayarudi. Siku hiyo ilikuwa Ijumaa.

Mama yake, Rhonda, alikuwa upande wa jangwa, na hakulificha.

"Vista Seca wana hospitali yao," alisema, akipangusa meza iliyokwisha kupanguswa. "Mwaka wa tatu unavuka barabara tu, umefika wodini. Hao Thornbury wako mwaka wa tatu watakutupa wapi? Mwezi huu Iowa, mwezi ujao Kansas, unalala kwenye makochi ya watu kama mchuuzi."

"Thornbury wanafundisha mikono, Mama. Kuliko wote."

"Mikono, mikono! Mtu akikaa na wewe kwenye ndege atakuuliza kama wewe ni mkandaji. Babu yako ameulizwa hivyo maisha yake yote, na bado ananuna."

"Babu hanuni. Anawaambia wavue koti awaonyeshe."

"Ndiko kununa kwenyewe huko, mwanangu."

Ukweli, ambao wote wawili waliujua, ni kwamba Thornbury kwa Annika haikuwa Thornbury. Ilikuwa Babu. Daktari Wendell Stegall, baba yake Rhonda, alisoma hapo enzi za suruali pana, akarudi Bellamy, akafungua kliniki kwenye upande mmoja wa nyumba yake, na hakuondoka tena. Mpango wake na mjukuu wake ulikuwa wa siku nyingi. Annika atasoma Thornbury, Jumamosi atakuwa kliniki kando ya Babu akijifunza yale ambayo vyuo haviwezi kufundisha, na siku moja kibao cha mlangoni kitakuwa na majina mawili. Kibao chenyewe kilikuwa kimeshapakwa upya kiangazi kilichopita. Jina la Babu lilisogezwa juu, na chini yake kukaachwa nafasi. Kila aliyepita barabarani aliiona ile nafasi, na kila mtu Bellamy alijua ni ya nani.

Mtu akiachiwa nafasi ya namna hiyo, hana haja ya kusoma vipeperushi vya vyuo. Hata hivyo Annika alivisoma vyote, kwa sababu alikuwa msichana mwangalifu, na kwa sababu Vista Seca ilimvutia zaidi ya alivyotaka kukiri.

Sasa ni lazima kueleza habari ya unywele.

Wanafunzi wa osteopathia wana mchezo wao, na mchezo huo ni wa zamani. Unang'oa unywele kichwani, unauweka kwenye kitabu cha simu, unaufunika kwa ukurasa mmoja, kisha unapapasa juu ya karatasi kwa ncha za vidole mpaka uusikie. Ukiusikia unaongeza ukurasa wa pili, halafu wa tatu, na kuendelea mpaka vidole vikwame. Hivyo ndivyo vidole vinavyofundishwa kusikia kitu kidogo chini ya kitu kingine. Vitabu vya simu siku hizi havichapishwi, lakini Babu alikuwa na rundo lake chini ya ngazi, na alililinda kama watu wengine wanavyolinda pombe nzuri. Alisema karatasi ya siku hizi ni nene kama ngozi ya kiboko na haifundishi kitu.

Alimwanzisha Annika akiwa na miaka tisa. Alimweka kwenye kiti cha jikoni, akafungua kitabu, akafunika ukurasa, akasema, "Haya bibie, uko wapi?" Annika alipapasa, akataka sana kumfurahisha, akaweka kidole katikati. "Uko hapa!" Babu akafunua ukurasa. Hapakuwa na kitu. Hakuwa ameweka unywele wowote.

Annika alilia kwa hasira. Alimwambia Babu kuwa ni mwongo.

"Mimi?" Babu alisema. "Mimi sikusema kitu. Aliyesema uko hapa ni wewe." Kisha akampa kipande cha pai ya cheri na kumwambia maneno ambayo Annika hakuyasahau. "Darasa letu zima lilifanya hivyo hivyo. Mwalimu anauliza, mnasikia? Wote wanaitika, tunasikia! Nusu yao hawasikii hata mlango ukigongwa. Neno la kwanza la kazi hii, Annika, ni *sisikii kitu*. Mtu asiyeweza kulisema asimguse mgonjwa."

Tangu hapo walicheza mara nyingi. Annika akawa hodari wa kusema sisikii, kisha taratibu akawa hodari wa kusikia. Kumfikia Babu hakuweza. Yeye alikuwa akipapasa huku anaongea habari za baseball, akasema unywele umelala kuelekea dirishani na una kifundo kwenye ncha, na hakuwa na haja ya kufunua ukurasa kuhakikisha. Aliufunga tu mchezo na kuomba kahawa.

Jumamosi asubuhi Annika alikwenda kliniki kama kawaida yake. Lorna, mpokea wagonjwa, alikuwa amefika kabla yake. Lorna alikuwa mjane mwenye miwani ya mnyororo na ulimi usio na breki.

"Mwenye nafasi yake kwenye kibao kaja," alisema. "Tukuite daktari sasa au tungoje mpaka ujue kupika kahawa?"

"Kahawa yako mwenyewe inaua mende, Bi Lorna."

"Ndiyo maana hapa hakuna mende."

Mgonjwa wa kwanza alikuwa Eli Gingerich, mkulima wa Kiamishi, wale Wakristo wasiomiliki magari, mwenye ndevu mpaka kifuani, aliyekuja na kigari chake na kumfunga farasi kwenye nguzo ya uzio. Mgongo wake ulikuwa umemkamata tangu alipoinua gurudumu la kigari kwa haraka ya kipumbavu, maneno yake mwenyewe. Lorna alikwenda kwenye sinki, akafungua bomba, akayagusa maji kwa kiwiko, akasubiri kidogo, akayagusa tena. "Haya, Daktari." Babu akanawa. Lorna alikuwa akimfungulia maji namna hiyo kwa muda sasa, na Annika, kama nusu ya mji, alidhani ni mapenzi ya uzeeni. Aliona ni jambo zuri na la kuchekesha, akaachana nalo.

Babu aliweka mikono juu ya mgongo wa Eli.

"Inauma wapi?"

"Hapa chini. Kushoto."

"Hapa?"

"Chini kidogo."

"Na nikibonyeza hivi?"

Annika, aliyekuwa ameshika taulo, alikumbuka kwamba zamani Babu hakuwa akiuliza. Zamani mgonjwa alikuwa hajafungua mdomo, Babu ameshamwambia alianguka lini na kwa upande gani, na watu walitoka pale wakiapa kwamba anasoma migongo kama gazeti. Alidhani uzee umemtia adabu. Babu alifanya kazi yake polepole, akamwambia Eli apumzike na arudi Jumatatu. Eli alishuka kitandani akiwa amepinda vilevile alivyopanda, akashukuru, akatoka.

Mchana Lorna alikwenda kwake. Babu na mjukuu wake walikula nyama ya nguruwe ya kukaanga ndani ya mkate, nyama pana kuliko mkate wenyewe kama inavyotakiwa, na Babu akamuuliza kama ameshalipa.

"Bado."

"Mama yako amekutia jangwa kichwani."

"Wana hospitali yao, Babu. Na maabara ya upasuaji ambayo..."

"Wana kompyuta yenye umbo la mtu. Nimesoma. Inapumua na inalia ukiidunga vibaya." Akajifuta mdomo. "Siwasemi vibaya. Nenda kaione. Lakini vidole havifundishwi na video."

"Najua," alisema Annika, na moyoni akawa ameamua. Aliona aibu kidogo kwa kusitasita, na katika ile furaha ya kuamua akaruka kwenda chini ya ngazi, akarudi na kitabu cha simu. "Mara moja tu. Nikamwambie Mama kwamba nimekuona bado unaweza."

Babu alicheka, akakunja mikono ya shati. Annika aling'oa unywele wake, akageukia upande wa dirisha ili Babu asione, akafunika kurasa chache, akamsogezea. Babu alipapasa huku akilalamikia timu ya St. Louis na wachezaji wake wapya. Halafu akasimamisha kidole.

"Huu hapa. Umelala mshazari, ncha inaelekea kwenye friji."

Annika alifunua kurasa. Hapakuwa na kitu. Alipiga jicho sakafuni, kisha kwenye mkono wake. Unywele ulikuwa umeng'ang'ania kwenye sweta yake ya sufu, pale juu ya kifundo cha mkono. Ilikuwa Februari, hewa kavu, sufu inashika kila kitu. Haukuwahi kuingia kitabuni.

Babu alikuwa akimtazama, anangoja.

"Umepatia," alisema Annika.

"Enhe," alisema Babu, na akaomba kahawa.

Annika aliendesha mpaka nyumbani bila kuwasha redio. Alimkuta mama yake anakunja nguo, akamwambia yote kwa sentensi mbili, maana hayakuhitaji zaidi. Rhonda alikaa chini juu ya shuka.

"Ni sukari," alisema. "Imemtia ganzi, ikaanza miguuni, ikapanda mikononi. Novemba, Siku ya Shukrani, tulipokula bata mzinga, alishika kwa mikono mitupu sufuria iliyotoka motoni, akaileta mezani anacheka. Ngozi ilibaki kwenye mpini. Ulikuwa chuoni bado."

"Na hukuniambia."

"Aliniapisha. Na mimi mpumbavu nikaapa." Rhonda alivuta soksi moja, akatafuta mwenzake, hakumpata. "Unadhani kwa nini nakusukumia huko jangwani? Nimeupenda mchanga? Ukienda Thornbury hutakuwa mwanafunzi wake, Annika. Utakuwa vidole vyake. Atakuweka hapo kando yake, wewe unapapasa, yeye anasifiwa, na atakayekuwa amefungwa pale mpaka aote mvi ni wewe."

"Babu hawezi kufanya hivyo."

"Kwa makusudi, hawezi. Ndio ubaya wenyewe."

Annika alimkasirikia mama yake, kwa sababu alikuwa karibu. Lakini kilichomuuma hakikuwa ugonjwa. Watu huugua. Kilichomuuma ni kwamba Babu alisema *huu hapa*. Alisema bila kupepesa macho, na akaongeza mpaka friji. Kama angesema sisikii, Annika angelipia Thornbury saa ileile na kumpapasia wagonjwa wote wa kaunti, kwa sababu mtu anayesema sisikii bado ana cha kukufundisha. Mtu anayesema huu hapa mahali pasipo na kitu atakufundisha hilo tu, na utalijifunza vizuri, maana unampenda.

Basi akajiwekea sharti. Babu akilisema lile neno, atabaki. Asipolisema, ataondoka.

Jumapili baada ya kanisa alikwenda tena. Kwenye nguzo ya uzio, pale Eli alipomfunga farasi wake, kulikuwa na unywele wa mkia umenasa kwenye mbao, mweusi, mrefu, mnene kama uzi wa kushonea magunia. Annika aliuchukua. Jikoni alifungua kitabu cha simu, akaulaza katikati kabisa, na akaufunika kwa ukurasa mmoja tu. Hata mwenye glavu angeusikia.

"Leo tena?" alisema Babu. "Mtu hapumziki Jumapili?"

"Mara moja tu."

Safari hii hakuongea habari za baseball. Vidole vyake vilipita juu ya karatasi, vikapita juu ya unywele wenyewe, karatasi ikainuka na kushuka mbele ya macho ya Annika, vikaendelea na safari yao. Babu alimtazama mjukuu wake usoni. Alimtazama vizuri, na Annika alielewa kwamba sasa anasoma pale anapoweza kusoma. Halafu uso wa mzee ukachangamka.

"Ah! Wewe mjanja. Leo hukuweka kitu." Akampiga kidole kwenye bega. "Umenirudishia mchezo wangu mwenyewe. Hamna kitu hapa."

Annika alifunua ukurasa.

Ule unywele ulikuwa umelala pale, mweusi juu ya majina ya watu. Babu aliutazama kwa muda. Akanyoosha mkono, akajaribu kuuokota, vidole vikashindwa kuushika, akajaribu tena, akaacha.

"Wa farasi," alisema.

"Ndiyo."

"Na jana?"

"Jana haukuwemo. Ulikuwa kwenye sweta yangu."

Friji ilianza kunguruma, ikanyamaza. Annika alingoja. Alikuwa tayari kungoja mchana kutwa, na alitamani lile neno lije kuliko alivyowahi kutamani barua ya chuo chochote.

"Shingo za watu sijagusa mwaka mzima," Babu alisema hatimaye. "Wenye matatizo makubwa nawapeleka hospitali ya kaunti. Sijamwumiza mtu."

"Sikukuuliza hilo."

"Nilitaka miaka michache tu. Wewe unagusa, unaniambia kuna nini, mimi nakuambia maana yake. Ni kusoma huko, Annika! Ungejua mambo ambayo hakuna profesa..."

"Wagonjwa wangejua?"

Babu aliukunja uso kama mtu aliyeonewa.

"Eli alishuka kitandani amepinda vilevile, Babu."

"Nina watu niliowapokea wakizaliwa, sasa wananiletea wajukuu wao! Unataka niwaambie nini? Kwamba wanashikwa na glavu mbili zilizojazwa pamba?" Alikuwa amepandisha sauti, jambo ambalo hakuwahi kumfanyia. "Nenda zako jangwani, basi. Si ndicho ulichokuja kusema? Unaniacha, niache."

Annika alichukua ufunguo wa gari. Mlangoni aligeuka, kwa sababu alikuwa bado anatumaini. Babu alikuwa amekifunga kitabu na kukilalia kwa viwiko vyake, anatazama ukuta. Annika aliendesha akilia, akajikasirikia kwa kulia, na aliposimama kituo cha mafuta alinunua kahawa ambayo hakuinywa.

Jumatatu asubuhi alikuwa na simu mfukoni, na kwenye simu kurasa mbili za malipo zimefunguliwa, kila moja ikingoja kidole chake. Sharti lake lilikuwa limeshajibiwa. Hata hivyo alipita kliniki kwanza. Alijiambia anakwenda kuaga kwa adabu, na labda ilikuwa kweli.

Eli Gingerich alikuwa tayari kitandani, kifudifudi, kamba za mabegani za suruali zimeshushwa. Lorna alikuwa ametoka tu kufunga bomba. Babu alikuwa amesimama na mikono yake juu ya mgongo wa Eli, hafanyi kitu. Alimwona Annika mlangoni. Hakumsalimu.

"Bado pale pale, Daktari," alisema Eli ndani ya mto. "Chini. Kushoto."

Babu hakusogeza mikono. Lorna alitazama saa ya ukutani, akamtazama Babu, akavua miwani.

"Eli," alisema Babu. "Sisikii kitu."

"Unasemaje?"

"Nasema mikono yangu haisikii. Nimekuwa nikikisia. Ni mwaka sasa, zaidi. Ningekuambia mapema, nikaona haya."

Eli akainua kichwa, ndevu zimelalia upande mmoja.

"Mimi nilijua tangu Krismasi," alisema. "Ulikuwa unabonyeza upande usiouma."

"Sasa mbona ulikuwa unakuja?"

"Nyumbani kwangu kuna wanawake saba na hakuna hata mmoja anayeniacha nilale mchana. Hapa nalala." Akarudisha kichwa kwenye mto. "Na wewe ulikuwa unaonekana unahitaji watu waje."

Lorna alitoa sauti iliyokuwa nusu kicheko, akajifanya anatafuta kitu kwenye droo.

Babu aliondoa mikono yake. Alikuwa mwekundu mpaka masikioni, na alionekana mdogo, kama mtu aliyevuliwa koti nje. "Annika," alisema, "njoo uweke mkono wako hapa. Kama Eli hana neno."

"Wekeni hata miguu," alisema Eli.

Annika alipasha viganja vyake joto kwa kuvisugua, kama alivyofundishwa, akaviweka chini, upande wa kushoto. Wote watatu walimngoja. Alijua kile ambacho Babu angependa kukisikia: kwamba pamekaza, kwamba kuna fundo, kwamba damu ya Stegall imo vidoleni. Alijua hata maneno ya kitaalamu ya kuvisha uongo huo. Alipapasa kwa muda mrefu na kwa uaminifu. Mgongo wa Eli ulikuwa mpana na wa moto, wenye misuli kila mahali, na haukumwambia chochote. Kurasa za kitabu ni jambo moja, mgongo wa mkulima ni jambo jingine, na yeye alikuwa hajaanza hata siku moja ya chuo.

"Sisikii kitu, Babu."

Babu alicheka. Alicheka kwa sauti, mpaka Eli naye akatikisika kitandani, na kwa mara ya kwanza tangu Jumamosi Annika aliona uso anaoujua.

"Nenda kalipe," alisema Babu.

"Wapi?"

"Popote. Mimi nilikuwa na somo moja tu la maana, na nililisahau mwenyewe. Wewe unalo." Akamgeukia Eli. "Wewe nakupeleka kwa daktari wa mji wa Macklin. Ni kijana, anaongea sana, lakini vidole vyake vinafanya kazi."

Annika alitoka, akaingia kwenye gari, akafunga mlango. Neno lilikuwa limesemwa. Kwa sharti lake mwenyewe ilimpasa abaki, na hapo ndipo alipoelewa kwamba sharti lilikuwa la kitoto. Babu sasa anaweza kumfundisha, hilo ni kweli. Lakini baada ya neno lile kliniki itafungwa tu, na akibaki atabaki kumlinda, na Babu atajua hivyo kila Jumamosi, na safari hii watakaodanganyana watakuwa wawili. Alitaka ile hospitali ya ng'ambo ya barabara. Alikuwa ameitaka tangu mwanzo. Farasi wa Eli alikuwa akimtazama kutoka kwenye nguzo bila kumhimiza. Aliufunga ukurasa wa Thornbury, akalipia Vista Seca, na simu ikamshukuru kwa rangi nyingi. Akahisi furaha, na chini yake uchungu, na uchungu ulikuwa mzito zaidi.

Alirudi ndani kumwambia. Eli alikuwa anavaa koti. Babu alikuwa kwenye sinki, amekunja mikono ya shati, amesimama kando akisubiri kwa utulivu wa mtu aliyezoea. Lorna alifungua bomba. Alilaza kiwiko chake chini ya maji, akapunguza ya moto, akakilaza tena, kama mama anayetaka kumwogesha mtoto mchanga. Annika alisimama pale pale. Alifikiri kiwiko hicho kilikuwa kimeingia majini mara ngapi mbele ya macho yake, na yeye na mji mzima wakicheka kuwa ni mapenzi.

"Haya, Daktari," alisema Lorna, na Babu akaingiza mikono.

"Arizona," alisema Annika.

Babu alitikisa kichwa kukubali, mgongo wake ukiwa kwao, na akaendelea kunawa muda mrefu kuliko ilivyohitajika. Lorna alichukua taulo, akampa Annika amshikie babu yake, na alipompita akamnong'oneza sikioni.

"Nenda salama, mwanangu. Maji nitayapima mimi."